Kamera Chini ya Kitambaa

Ajali haina kinga, ndivyo wasemavyo. Mimi naona waliosema hivyo hawakuwahi kuendesha gari Bunia. Kwetu kinga zipo, tena nyingi, ila kila moja inakukinga upande huu na kukuua upande ule, na mtu anakaa kuchagua afe na ipi. Mimi nilichagua kamera. Leo imelala kabatini, chini ya mashuka ya mke wangu, na gari linaendelea kwenda barabarani bila jicho.

Nianze na mdogo wangu, kwa sababu bila yeye nisingenunua kitu. Gari lilikuwa lake. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wa mwalimu kwetu ni kitu kinachosimuliwa zaidi kuliko kinavyoonekana. Yeye alibeba watu kutoka sokoni kwenda mitaani na alikuwa akitulisha sote. Mchana mmoja pikipiki ilichomoka kichochoroni karibu na soko, ikaingia ubavuni mwa gari lake, na yule aliyeiendesha akafa palepale. Mashahidi walikuwa soko zima, na wote waliona kitu kimoja, kwamba gari limeua mtu. Kichochoro hakuna aliyekiona. Katika mji wetu gari lina kosa kwa sababu ni kubwa, na mwenye gari ana kosa kwa sababu ana gari.

Walimvuta nje wakampiga, kisha wakamfunga asubiri kesi. Alisubiri mpaka tumbo la kuhara likamkuta mle ndani, na kesi ikawa haina mtu wa kushtakiwa. Kila nilipompelekea chakula aliniambia neno lilelile. Alikuwa akiniita Yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa.

"Yaya, kama mutu mumoja tu angeona."

Tulimzika, na gari likabaki uani kwetu, mtaa wa Rwambuzi, kuku wakilala chini yake. Nilipoacha chaki na kuamua kuliendesha mwenyewe, mke wangu hakunikataza. Alisimama mbele ya boneti, mikono kiunoni, akasema halitoki pale bila shahidi. Yeye huuza samaki wakavu kutoka ziwani, na sokoni alikuwa amesikia kwamba Kampala madereva wanabandika kamera kwenye kioo cha mbele. Nikamwambia Kampala ni Kampala. Akanijibu kwamba kifo cha mdogo wangu kilikuwa cha Bunia.

Alikuwa na sababu nyingine ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimemweleza. Gari letu lilitoka upande wa Uganda kama mengi ya hapa, usukani kulia, na sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia wa njia. Maana yake dereva anakaa juu ya mtaro. Naona vizuri sana majani, mbuzi na watoto wa shule pembeni, lakini katikati ya barabara, mahali magari yanapopishana, sioni kitu mpaka kimefika. Ukitaka kulipita lori unamuuliza abiria wa kushoto, "Njia iko?" Naye akisema iko, unaingia. Nimewahi kuweka roho yangu mikononi mwa walevi kwa mtindo huo. Kamera ingekaa katikati, ingeona nisichokiona.

Duka lilikuwa kwenye barabara kubwa, limebanwa na magodoro upande mmoja na mbadilisha fedha upande wa pili. Mwenye duka aliuza chaja, redio na taa za jua, na alikuwa na tabia ya kuongea huku akifuta kioo cha meza ambacho kilikuwa safi tayari. Alitutolea kamera mbili.

"Muzee, hizi mbili njo zenye siye tunaweza," akasema. "Ile yenye macho mbele na nyuma, tuachie batu ba mashirika."

Ya kwanza ilikuwa kubwa kidogo kuliko kiberiti, ina kioo mgongoni ambapo picha inaonekana papo hapo, na inashikwa na kikombe cha mpira kwenye kioo cha gari. Mtu anaiona akiwa mbali. Ya pili haikuzidi kidole gumba. Ilijificha nyuma ya kioo cha kuangalia nyuma kama mjusi, lakini haikuwa na kioo chake, na kuona picha lazima uiunganishe na simu. Bei zilikaribiana. Mimi mkono wangu ulikwenda kwenye ile ndogo bila kufikiri.

"Weye unatembeaka njia gani?" mwenye duka akauliza.

"Mjini hapa. Siku zingine natoka mpaka Nizi."

"Nizi." Akaisukuma ile kubwa pembeni kwa kidole. "Basi beba hii kadogo. Ku barieri habataiona."

Inafaa niseme kitu juu ya barieri, vizuizi vya njiani, kwa mtu ambaye hajawahi kusimamishwa na kamba iliyofungwa kwenye mti. Miaka ile tuliiita ya amani kwa kukosa jina lingine. Baada ya vita watu walikuwa wamerudi mashambani, wengine walikuwa bado kwenye mahema, na kati ya vijiji viwili ulipita kamba za watu wenye nguo tofauti, kila mmoja na bunduki yake na njaa yake. Wote walichukia kitu kimoja, kupigwa picha. Simu tu ilikuwa imewatoa watu kwenye magari na kuwalaza kifudifudi. Ndiyo maana nilitaka kamera ya kujificha, na nilijiona mwenye akili.

Mke wangu alikuwa ameegemea meza, anazigeuza zote mbili kama anayechagua nyanya.

"Na bakiiona?" akauliza.

Mwenye duka akaacha kufuta. "Mama, nikuambie kweli. Bakiona kitu yenye iko wazi, batauliza. Bakiona kitu yenye ulificha, habaulizake tena."

"Unaona?" mke wangu akaniambia. Kisha akaishika ile ndogo mbele ya uso wangu. "Na batu bakikuzunguka kama babazunguka mudogo wako? Utabaambia bangojee kwanza, telefone inatafuta kamera? Bale habakumungojea hata afungue mulango."

Nikaichukua ile ndogo mkononi mwake, nikamrudishia mwenye duka. Mtu aliyeoa mwanamke wa sokoni anazoea kushindwa bei. Tukachukua ile ya kioo, inayoonekana, kwa sababu ukweli usioweza kuonyeshwa palepale njiani, kwetu si ukweli, ni hadithi ya mtu aliyekwisha kufa.

"Inasikiaka pia," mwenye duka akasema akiifunga. "Sauti yote ya ndani ya gari."

"Funga hiyo masikio," mke wangu akamwambia haraka.

Na hapo pia alikuwa na haki. Ndani ya gari watu husema. Wanasema nani alichoma nyumba ya nani, mwana wa nani yuko msituni, kabila gani lisiaminiwe, na wakishuka wanasahau. Sauti moja kama hiyo ikikamatwa kwenye barieri, gari zima linaulizwa. Mwenye duka akabonyeza, akatuonyesha alama ya sikio lililokatwa kwa mstari. Akatuonya mambo mawili. Kwamba kadi yake ni ndogo, ikijaa inajila kuanzia mkia, picha za zamani zinafutwa na mpya. Na kwamba umeme wa gari ukikatika ghafla kamera inasahau kila kitu, tarehe inarudi mwanzo na masikio yanafunguka yenyewe.

"Kaza vizuri betri yako," akasema.

Nani Bunia ana betri iliyokazwa? Barabara zetu zinafungua hata meno. Nilikaza kwa waya, na baada ya shimo la kwanza waya ukalegea, na mke wangu kila jioni alifungua kamera akayafunga masikio upya kama anavyofunga banda la kuku.

Kwa barieri alitengeneza dawa yake. Kwenye dashibodi kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma alichokishona kwa sindano yake ya ndoano, kama vile vinavyowekwa kwenye makochi ya sebuleni. Akakishonea kipande kingine kirefu, na desturi ikawa hii: tukikaribia kamba, nakiinua kile kipande kinaifunika kamera, kinafanana na pambo tu. Abiria walijifunza upesi kuliko mimi. Mtu akiona kamba mbele alizima redio, mwingine alisukuma simu ndani ya soksi, wale ambao majina yao yalikuwa ya upande fulani walinyamaza kabisa, na sauti moja kutoka nyuma ilisema, "Papa, kitambaa." Tukivuka, watu walivuta pumzi, mama mmoja alimshukuru Yesu, na sauti ileile ikasema tena, "Papa, kitambaa," nami nakishusha. Kukishusha sikuwahi kukumbuka mwenyewe. Sikuhitaji, gari lilikuwa likijaa kila siku.

Siku moja niliwafikisha abiria Nizi asubuhi. Wakati wa kurudi hakuna aliyepanda. Kulikuwa na uvumi kwamba vijana wenye silaha wameonekana mlimani, na kwetu uvumi hauna haja ya kuwa kweli, unatosha kuwa mpya. Mimi nilitaka kulala kwangu. Nikarudi peke yangu, kiti cha kushoto kitupu.

Nilipita kamba ya mwisho vizuri. Yule kijana mwenye bunduki aliutazama uso wangu, akatazama viti vitupu, akashusha kamba bila kuuliza kitu, na woga wa kuachwa hivi hivi ulizidi woga wa kuulizwa. Nikakanyaga mafuta. Mbele yangu lori la mbao, kamio kama tunavyoliita, lilikuwa linakuja kwa kasi, watu wamekaa juu ya mbao, na nyuma yake vumbi lote la mkoa wa Ituri. Nilifunga dirisha kwa mkono ambao ungeshusha kitambaa.

Tukapishana. Vumbi likafunika kioo, sikuona hata boneti. Nikasikia mshindo upande wa kushoto, upande ambao sioni hata siku ya jua kali. Nikafunga breki. Lori halikusimama.

Vumbi lilipotulia nikaona pikipiki imelala katikati ya njia, tairi moja linazunguka, na kijana amelala karibu na gurudumu langu la nyuma. Alikuwa amevaa koti mgongo mbele, kama wanavyovaa motari, waendesha pikipiki wetu, ili upepo usiingie kifuani. Niliwaza jambo moja tu, lori limemgonga likamtupa kwangu. Niliwaza hivyo kabla sijafungua mlango. Niliangalia ubavu wa gari langu, lakini gari lile lilikuwa na makovu mengi kiasi kwamba kovu jipya lisingejitambulisha. Niliapa ni lori, na hata leo naapa, ingawa sauti yangu imepungua.

Dereva mwingine angeondoka. Watu walitoka shambani na majembe yao, wanawake wawili, na wao ndio walionisaidia kumwinua na kumlaza kiti cha nyuma. Hawakuwa wameona kitu isipokuwa vumbi. Nikaendesha kwenda Bunia kwa hospitali, nikimsikia anavyopumua.

"Papa," akasema. "Siyo weye. Siyo weye, papa. Ni ile kamio. Nipeleke tu."

Sijui kama nimewahi kusikia maneno matamu zaidi ya hayo. Nilitaka kulia kwa furaha, na kijana anavuja damu kwenye kiti changu. Nikamwambia asilale, aseme na mimi, aseme jambo lolote. Akasema. Alianza kusema kwa lugha ya kwao, ambayo mimi siijui. Mimi ni mtu wa upande wa Mahagi, yeye alikuwa wa kabila lingine, ambalo sitalitaja kwa sababu hapa Bunia hilo ndilo swali la kwanza na mara nyingi ndilo la mwisho. Alisema kwa muda mrefu, alirudia, alinyamaza, akaanza tena. Nami, ili ajue yuko na mtu, nilimwitikia kila alipotulia. Wagonjwa husikia sauti hata wasiposikia neno.

Alikufa walipokuwa wanamtoa kwenye gari. Niliandikisha jina langu na mtaa wangu kwa wauguzi walioniuliza, nikarudi kwangu. Ni pale uani, nilipozima gari, macho yangu yalipoangukia katikati ya kioo. Kitambaa cheupe kilikuwa bado kimeifunika kamera. Nilikaa ndani ya gari mpaka mke wangu alipotoka kuniangalia.

Hakunigombeza, na hilo liliniogopesha. Aling'oa kamera, akaipeleka jikoni, akaiunga kwenye betri ya simu. Kwenye kioo kulikuwa na nyuzi zake mwenyewe, mafundo meupe yaliyokuzwa kama vyandarua, yakitetemeka pamoja na barabara. Njia yote ya kurudi ilikuwa mafundo. Ndipo ikatoka sauti, nyembamba, mpaka uinamishe sikio: mshindo, breki, wanawake wa majembe, kisha kijana. Siyo weye, papa. Betri ilikuwa imelegea njiani na masikio yamefunguka.

"Mungu iko," mke wangu akasema, akakaa chini kwenye kigoda.

Tuliuondoa kabisa garini waya wa kamera, isirekodi tena, kadi isije ikajila.

Kesho yake asubuhi chifu wa mtaa alipita mbio kutuambia wanakuja na maiti. Kwetu ndugu wa marehemu wakiona haki haitawafikia, hubeba sanduku na kuliweka mlangoni kwa yule wanayemshtaki, na hawaziki mpaka atoke kujibu. Nilijua desturi hiyo. Sikujua inavyosikika, nyimbo za kilio zikikata kona ya mtaa wako, zikikaribia, na wewe unahesabiwa kuwa ndiye mwenyeji wa wimbo.

Waliweka sanduku mbele ya mlango wangu. Vijana walikuwa wengi, wengine motari na pikipiki zao, na mmoja alishika kibidoni, kidumu kidogo ambacho hakikuwa na maji. Majirani zangu nao walitoka, watu wa kwetu Mahagi, wakasimama upande wa pili wa njia mikono nyuma ya migongo, na mimi najua watu wanashika nini nyuma ya migongo. Hakuna aliyesema neno la kabila, na hakuna aliyewaza kitu kingine. Jiwe moja lingetosha. Nilisimama kizingitini nikifikiri kwamba sasa si mimi tu, ni Rwambuzi nzima, na kutoka Rwambuzi moto unajua njia.

Mama wa kijana alisimama kwenye kichwa cha sanduku, kitenge kimefungwa kiunoni. Hakuwa analia. Mke wangu akatoka na kamera, akapita katikati ya vijana wale kama anapita kati ya meza za soko, akaiweka mikononi mwake.

"Mama, foto haiko," akamwambia. "Tulifunika kitambaa sababu ya barieri, tukasahau. Lakini sauti iko. Sikia mutoto wako."

"Tusikie siye bote," kijana wa kibidoni akasema.

Yule mama akainua mkono bila kumtazama. "Sauti ya mufu habagawanyake mu njia," akasema. Akaiweka kamera sikioni.

Nyimbo zikakatika. Alisikiliza akiangalia chini, kwenye ubao wa sanduku. Nilimwona akifumba macho, nikajua amefika kwenye ile lugha yao. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamwashiria mke wangu airudishe mwanzo, akasikiliza tena yote. Kisha akaishusha, akasema kwa sauti ambayo kila upande wa njia uliisikia:

"Mutoto amesema siyo huyu. Amesema ni kamio. Mubebe, tuende kuzika."

Kijana wa kibidoni hakuamini, ilionekana. Lakini nani atabishana na mama mwenye maiti? Wakaliinua. Watu wa kwetu walishusha mikono yao. Mchana ule mke wangu alipeleka maharagwe, unga na kuni kwenye kilio, nami nilimfuata, nikakaa nyuma kwenye benchi la wanaume, na hakuna aliyenigusa.

Nilipona, na aliyepona huanza kujisifu. Niliwaambia madereva wenzangu kwenye maegesho wasidanganywe na kamera za kujificha wala za macho mawili, wachukue yenye sikio. Nilisema mdogo wangu angekuwa hai leo. Wengine walikwenda kununua kwa maneno yangu. Nilijiona mtu aliyeshinda kitu katika mji ambao hakuna anayeshinda.

Mama yule alianza kuja kwetu. Alikuja baada ya misa, hakuja kila wiki, anakaa jikoni na mke wangu, anapewa chai, kisha anaomba kamera. Anaiweka sikioni, macho kwenye moto. Akimaliza anaifuta kwa ncha ya kitenge na kuirudisha. Tuliongea naye mvua na bei ya samaki. Nilimpenda, naweza kusema hivyo. Nilimheshimu kama mtu aliyenipa uhai wangu mara ya pili, na nilifikiri yeye ananiheshimu kama mtu aliyembebea mtoto wake na hakumwacha njiani.

Siku moja alikuja na mzigo wake kichwani. Alisema mji umemchosha, anarudi kijijini kwao kulima, amani ikishika. Akasikiliza kamera mara ya mwisho. Nilitaka kumpa kadi aende nayo, akakataa, akasema hana kitu cha kuichezea huko. Ndipo nikauliza. Mke wangu alinikazia macho juu ya sufuria, sikuelewa kwa nini.

"Mama, yale maneno ya nyuma, ya luga yenu. Alikuwa anasema nini?"

Aligeukia kwangu. Hakuwa na hasira, nilichunguza sana uso wake nikitafuta hasira.

"Alikuwa ananiita," akasema. "Alisema, mama, huyu mwenye kunibeba njo mwenye alinigonga. Alisema vile mara mingi."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia kwamba kwa Kiswahili alisema siyo mimi, alisema lori, yeye mwenyewe amesikia.

"Mutu amelala mu gari ya mwenye alimugonga," akasema, "weye ulitaka amuambie dereva nini? Amutupe mu majani?"

Nikasema kijana hakuona, vumbi lilikuwa jingi, hata mimi sikuona. Nikasema kitambaa. Sauti yangu ilikuwa juu, na yeye akangoja mpaka ishuke, kama anayengoja mvua ipungue avuke.

"Pengine hakuona," akasema. "Miye sijue. Miye nasikiaka tu."

"Basi juu ya nini ulisema ni kamio?"

Akainama akashika mzigo wake. Mke wangu akamsaidia kuuinua kichwani, na nikaona kwamba yeye na mke wangu walikuwa wanajua jambo hilo wote, sijui tangu lini.

"Ule mwenye kibidoni, na ule alishika sanduku kwa mbele," akasema, "bale ni batoto yangu. Njo benye babaki kwangu."

Alituaga vizuri. Mlangoni aligeuka, akaniambia kitu kimoja zaidi, bila ukali, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha kijiko. Aliniambia kwamba neno lililomchosha kusikia siyo lile la mtoto wake.

Niliirudisha kamera mwanzo nikaisikiliza siku ileile. Nimeirudisha mara nyingi tangu hapo. Naiunga kwenye betri ya simu, naiweka sikioni kama alivyofanya yeye. Kwenye kioo zipo nyuzi nyeupe za mke wangu, zinatetemeka. Kijana anasema kwa lugha yao nani alimgonga, anatulia, anasema tena, na kila anapotulia namsikia mwalimu mmoja mzee akimjibu kwa upole sana: "Ndiyo, mutoto yangu. Ndiyo. Ndiyo."